Mwenye Nyumba Aliye Mbali Hana Msamaha

Lugha yetu ina neno moja linalobeba mizigo miwili. Kodi ni fedha ambazo mpangaji humpa mwenye nyumba; kodi pia ni fedha ambazo mwananchi huipa serikali. Humu nitaiita ile ya kwanza pango. Ninayatenga maneno hayo kwa sababu wako wenye nyumba, hapa Kasese na kule Bwera, wanaotambua maana moja tu: ile inayojaza mifuko yao.

Mmoja anaishi London, mwingine Marekani. Mwingine ni mfanyabiashara wa Butembo aliyevuka mpaka pale Mpondwe, akakodi kiwanja na kujenga, maana sheria ya Uganda humpa mgeni ardhi kwa mkataba usiozidi miaka 99. Waulize kuhusu kodi ya majengo, watajibu kwa sauti moja: “Mimi siishi huko. Barabara zenu sizikanyagi.”

Hoja hiyo ni tamu masikioni, lakini ni batili. Sheria ya mwaka 2005 inayohusu kodi ya majengo katika serikali za mitaa humsamehe yule anayeishi mwenyewe katika nyumba yake. Anayepangisha hasamehewi. Basi umbali si kinga. Nyumba ikishapangishwa, msamaha umekwisha. Kodi hii hukadiriwa kutokana na pango ambalo nyumba inaweza kuleta kwa mwaka, na kiwango chake hakipaswi kuzidi asilimia 12. Tena usiichanganye na kodi ya mapato ya pango, inayolipwa kwa Mamlaka ya Mapato ya Uganda. Kulipa moja si kulipa nyingine.

Husemi kweli unaposema barabara hizi huzikanyagi. Mpangaji wako huzikanyaga kila siku, na miguu yake ndiyo inayokuletea pango. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020. Sidai kwamba mifereji ya mtaani ingeuzuia mto. Nasema mji unaojua mafuriko hauwezi kukaa bila mifereji, na mifereji haichimbwi kwa salamu za simu kutoka ng’ambo.

Wala simtetei mtoza kodi. Sheria hiyo hiyo inaitaka halmashauri itumie angalau asilimia 75 ya fedha hizo katika huduma kama barabara, taa, mifereji na uzoaji wa taka. Asiyelipa atadai hesabu hiyo kwa kinywa gani? Ukiona nyumba yako imethaminiwa kupita kiasi, weka pingamizi. Sheria imekupa haki hiyo. Dai hati ya madai, dai stakabadhi. Kataa makadirio yaliyozidi, usikatae wajibu.

Nawe mwanafunzi, mjomba wako akipiga simu kutoka ng’ambo kuulizia pango la mwezi, mjibu kwa adabu, kisha umuulize: “Na kodi, mjomba?”