Picha Safi Isimfukuze Mgonjwa

Mgonjwa aliyeumwa mgongo kwa miezi mingi, huku homa ikipanda na kushuka, akiambiwa kwamba picha yake ni safi, hudhani kuwa hana ugonjwa. Dhana hiyo ni ya hatari, hasa kwa kipimo kinachotumia chembechembe nyeupe za damu zilizotiwa alama.

Kipimo hicho kilianza kutumika katika miaka ya 1970 kwa indiamu-111. Damu ya mgonjwa huchukuliwa, chembechembe nyeupe hutenganishwa na kuwekewa kiasi kidogo cha dutu itoayo mionzi, kisha hurudishwa mwilini mwake. Kamera ya gama huonyesha zilikokusanyika. Siku hizi hutumika pia tekinetiamu-99m, ambayo mionzi yake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6. Kwa maambukizi ya mifupa ya mguu wa mwenye kisukari, au ya nyonga bandia, kipimo hiki kina manufaa makubwa.

Hata hivyo, nyingi ya chembechembe zinazotiwa alama ni nyutrofili, ambazo hutangulia kufika penye maambukizi mapya. Uvimbe sugu wa ndani, yaani mwitikio wa kinga usiokoma, aghalabu hutawaliwa na limfosaiti na makrofeji. Ndiyo maana kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao Afrika Mashariki haijauaga, huweza kutoonekana kabisa katika picha hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kuagiza kipimo, daktari hana budi kujiuliza: ugonjwa unaoshukiwa huvuta chembechembe za aina gani? Uti wa mgongo ukishukiwa, MRI na sampuli ya tishu vitangulie. Mtaalamu anayeandika majibu naye aeleze bayana kwamba kutoonekana kwa kitu si uthibitisho wa afya. Mgonjwa, kwa upande wake, asione haya kuhakikisha kuwa jina lake limethibitishwa kabla ya kurudishiwa chembechembe. Akiwekewa za mtu mwingine, anaweza kuambukizwa virusi.

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Maumivu yasiyokoma ni ushahidi unaostahili kusikilizwa hata pale picha inaponyamaza. Mgonjwa wa uti wa mgongo anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya picha safi huenda akarejea hospitali akiwa amebebwa, miguu imekwisha kupooza.