Mashine Iliyogoma na Ufunguo Uliokuwa Mfukoni Mwetu



Nyinyi mlioko Mombasa, Malindi na Lamu mna ufagio wa chelewa na uwanja wa mchanga. Majani ya mkungu yakidondoka, mtoto mmoja huyafagia kabla ya chai ya asubuhi kuiva. Sisi tulioletwa bara na kazi ya kusomesha, tukafanya makazi yetu hapa Machakos, mzigo wetu ni mzito zaidi. Kiangazi cha huku huanza Juni na kuendelea hadi Septemba. Katika miezi hiyo mijakaranda hupukutisha majani yake madogo kabla ya kuchanua, migrevilea iliyopandwa kwenye matuta ya mashamba humwaga yake, na nyasi za makaburini hukauka zikangoja njiti moja tu ya kiberiti. Kisha mvua za vuli hutarajiwa Oktoba. Majani yakiachwa katika mifereji ya paa, maji ya mvua ya kwanza humwagika chini badala ya kuingia tangini, na madrasa hukosa maji ya udhu.

Kwa sababu hiyo, mwaka uliopita mfadhili mmoja wa Mombasa alitutunukia mashine ndogo ya petroli ya kufyekea nyasi, ile inayovaliwa begani kwa mkanda. Aliitoa iwe wakfu wa makaburi na uwanja wa madrasa. Kijana mmoja miongoni mwa wanafunzi wetu wakubwa alifundishwa kuitumia, akafanya kazi nzuri hadi vuli ilipokwisha. Mashine ikawekwa stoo.

Mwezi uliopita tuliitoa tukiwa na haja nayo kubwa. Tulivuta kamba mara ishirini, mara thelathini, nayo haikutoa hata kikohozi. Mzee mmoja akasema, "Kijana huyu ameikodisha mashambani, ameiua." Mwingine akaongeza kwamba alisikia mlio wake upande wa mtoni. Kijana aliapa kwamba hakuigusa tangu Disemba. Nasi, Mola atusamehe, tulinyamaza. Kunyamaza kwa mwalimu mbele ya jamaa ni sawa na kutia sahihi. Kijana aliinamisha kichwa akaenda zake, na siku mbili hakuonekana darasani.

Siku ya tatu tulimwita fundi mmoja mzee anayetengeneza pampu za maji na misumeno ya petroli. Hakuuliza nani aliitumia mwisho. Alikaa juu ya kigoda, akasema, "Maalim, mashine ndogo ina mahitaji matatu: petroli safi, cheche na hewa. Tutauliza moja moja." Tumeona vyema tuwaandikie namna alivyouliza, kwa maana wengi wenu mna mashine za namna hii, za kufyeka, za kupulizia majani au za kupandishia maji, na wengi hukimbilia kununua kifaa kipya kabla ya kujua ubovu uko wapi.

Kwanza alitazama swichi kama iko mahali pa kuwashia. Tulicheka, lakini alituambia kwamba ameshalipwa na watu wengi kwa kugeuza swichi tu.

Pili alifungua tangi akanusa. Petroli nzuri ina harufu kali iliyo nyepesi. Ile yetu ilinuka kama rangi ya mbao, na ilikuwa imegeuka rangi. Petroli iliyokaa miezi kadhaa hupoteza wepesi wake wa kuwaka, na mabaki yake hugeuka utomvu unaoziba vitundu vyembamba vya kabureta. Hapo hata ukivuta kamba mpaka bega litoke, mafuta hayafiki kwenye silinda. Aidha, petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa na wauzaji wasiomcha Mungu huleta madhara yake. Hila hiyo ilienea nchini hata serikali mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuivunja faida yake. Basi nunueni kituoni mnakokuamini, wala si kwenye chupa za kando ya njia.

Tatu alifungua plagi, injini ikiwa imepoa, akaisoma kama tunavyosoma waraka. Plagi kavu baada ya kuvuta kamba mara nyingi ina maana petroli haifiki. Plagi iliyolowa ina maana petroli inafika lakini haiwaki, au injini imezama kwa kuvutwa mno huku choki imefungwa. Iliyozama hutibiwa kwa kuacha plagi nje, kufungua choki, kuvuta kamba mara kadhaa, na kuiacha ikauke. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu ni ya mashine yenye afya. Yetu ilikuwa kavu, lakini ina masizi meusi ya zamani. Aliisugua kwa brashi ya waya, akarekebisha mwanya wake, akaipeleka mbali na petroli kabla ya kuijaribu. Cheche ilikuwapo, ya buluu na yenye nguvu.

Masizi yale yalimfanya aulize, "Mashine hii imetoka wapi?" Tukamwambia, Mombasa. Akatabasamu. Machakos iko yapata mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Kabureta iliyopimwa ufukweni, ikipandishwa huku, humimina petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, na injini hufanya moshi na masizi. Alisema ataipima upya, lakini alitukataza kuzigusa skrubu zile wenyewe, kwa kuwa mashine ya namna hii ikipunguziwa petroli kupita kiasi huungua ndani.

Nne alitoa chujio la hewa. Vumbi jekundu la huku na unga wa majani makavu vilikuwa vimelijaza. Chujio la sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, likakaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. La karatasi halioshwi, hukung'utwa, na likichakaa hubadilishwa. Alisafisha pia mapezi ya silinda, kwani majani yakijazana hapo injini haipoi. Na mashine inayowaka lakini haina nguvu, alisema, itazamwe eksozi yake, huenda imezibwa na masizi.

Baada ya kuosha kabureta na kutia petroli mpya, alivuta kamba mara nne. Ikawaka.

Kisha akauliza swali ambalo hatukulitarajia: "Stoo ina funguo ngapi?" Tukamjibu, mmoja. "Anao nani?" Tukatia mkono mfukoni mwa kanzu, tukautoa. Ulikuwa pale tangu Disemba. Utomvu ule wa miezi, alisema, haupatikani katika mashine inayofanya kazi. Huyu aliyewekwa na petroli tumboni hakutoka nje hata siku moja. Aliyeiweka bila kumwaga tangi ni sisi, na kijana alikuwa ametuuliza siku ile kama aimwage, tukamwambia aiache, tusije tukapoteza petroli ya watu. Tulikuwa tumesahau.

Tumefundisha Suratul Hujurat kwa zaidi ya miaka ishirini, na amri yake ya kuhakikisha habari kabla ya kumdhuru mtu tunaifahamu kwa moyo. Fundi asiyesoma tafsiri aliitekeleza juu ya kigoda, nasi tuliosoma tuliivunja tukiwa tumesimama. Ijumaa iliyofuata tulisimama mbele ya jamaa wale wale waliosikia tuhuma, tukaeleza kosa ni la nani, tukamwomba kijana radhi kwa sauti ile ile. Kusema faraghani kusingetosha, kwani heshima yake haikuvunjwa faraghani. Alisema, "Nimesamehe, Maalim." Lakini tumeona hajarudia mzaha wake wa zamani nasi, wala hatumlaumu. Jambo hilo litachukua muda wake.

Tumeweka taratibu hizi, nanyi mkipenda zichukueni. Kidumu cha petroli huandikwa tarehe, na kikizidi mwezi mmoja hatukitumii kwenye mashine ndogo. Mashine isiyo na mahali pake pa oili huchanganyiwa oili katika petroli kama kitabu chake kinavyosema: ikiwa ni moja kwa hamsini, mililita 20 kwa kila lita, ikiwa ni moja kwa ishirini na tano, mililita 40. Ukitia petroli tupu itakwama na kufa siku hiyo hiyo. Yenye mahali pake pa oili haichanganyiwi. Kabla ya kugusa kisu, waya wa plagi huchomolewa. Msimu ukiisha, tangi humwagwa, kisha mashine huwashwa iungurume mpaka izimike yenyewe.

Na jingine: stoo sasa ina funguo mbili, na daftari la kutia sahihi kila mashine inapotoka na inaporudi. Ufunguo wa pili anao kijana yule.

Majani tuliyoyafyeka hatukuyachoma. Tumeyatandaza chini ya miche ya miembe ya madrasa, yashike unyevu wa mvua ijayo. Tunamwomba Allah aijaalie vuli hii iwe ya kheri, amlipe mfadhili wetu, na atukinge na dhuluma ya ndimi zetu na ya ukimya wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.