Mifumo mipya ya waajiri izungumze lugha ya wafanyakazi

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika kampuni nyingi kubwa za humu nchini amebisha hodi mgeni aitwaye mfumo wa kisasa wa kusimamia wafanyakazi. Faili za karatasi zimefungiwa makabatini, kitabu cha mahudhurio kimeondolewa langoni, na mambo ya mwajiriwa, kuanzia likizo na mshahara hadi tathmini ya kazi na mafunzo, yamehamishiwa kwenye tarakilishi na simu. Aghalabu, hata hivyo, mgeni ameingia na mwenyeji hajapona. Sababu moja, ambayo wakurugenzi hawaitaji, ni lugha.

Hivi karibuni niliombwa na kampuni moja nitafsiri mwongozo wa mfumo kama huo. Huko nilikutana na fundi wa mitambo aliyehudumu kwa miaka 23. Alikuwa ameomba likizo ya siku tatu akamzike shemeji yake. Alijaza fomu kwenye simu ipasavyo, kisha akabonyeza kitufe cha kuhifadhi akidhani kwamba amewasilisha ombi. Aliporudi alikuta amekatwa mshahara wa siku tatu, na barua ya onyo ikimngoja mumo humo simuni.

"Mwalimu," aliniambia, "mimi mashine ikiugua naijua kwa sauti yake kabla haijasimama. Hii ya simu haikuniambia kitu."

Sasa neno lake la siri analo karani mmoja wa ofisini, ambaye humjazia kila fomu, hata ile ambayo fundi mwenyewe anatakiwa ajipime utendakazi wake.

Yamkini msomaji atasema kwamba mzee huyo ameachwa nyuma na wakati. La hasha. Kilichomponza ni maneno mawili ya Kiingereza. Angaliyasoma kwa Kiswahili asingalitatizika, kwani hakuna Mkenya asiyejua kwamba aliyeihifadhi barua yake bado hajaipeleka.

Siku hizi idara iliyoitwa ya wafanyakazi imebadilishwa jina ikawa ya rasilimali watu. Neno rasilimali asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni mtaji, yaani ile mali ya kwanza ambayo mfanyabiashara huilinda kuliko faida. Ikiwa mfanyakazi ni mtaji, basi ujuzi wake ndio wa kulindwa na kukuzwa. Lakini mfumo unaomtaka fundi aeleze ujuzi huo kwa Kiingereza cha ofisini haupimi ufundi wake. Hupima uwezo wake wa kujaza fomu. Na kwa kuwa majibu ya fomu hizo ndiyo yanayotumiwa kuamua nani apelekwe mafunzoni na nani apandishwe cheo, anayejua kueleza kazi humpita anayejua kuifanya. Fundi huyu atakapostaafu ataondoka na ujuzi wa miaka mingi ambao mfumo haukuwahi kuusajili.

La kustaajabisha ni kwamba kampuni zetu zinakifahamu Kiswahili vizuri sana zinapotafuta fedha. Huduma ya M-Pesa, iliyoanzishwa Machi 2007, hubeba neno la Kiswahili katika jina lake, na mteja huweza kuitumia kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Matangazo ya sabuni, unga na bima husikika redioni kwa Kiswahili fasaha. Mteja husemezwa kwa lugha anayoielewa kwa sababu asipoelewa hatanunua. Mfanyakazi je? Yeye asipoelewa, hasara humwangukia mwenyewe kwanza, na ndiyo maana hakuna anayeharakisha kuiondoa.

Isitoshe, sheria imekwisha kunena. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 41, humtaka mwajiri anayekusudia kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au utendakazi duni amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Ikiwa sheria inadai lugha inayoeleweka siku ya kumfukuza mtu, ni busara gani kumnyima lugha hiyo siku zote za kumfundisha na kumtathmini?

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za teknolojia. Hoja hiyo imechakaa. Tangu mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuitafsiri programu nzima ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Wengine watasema kwamba Kiingereza ndicho kitakachomfungulia mfanyakazi milango ya dunia. Sikatai, na afundishwe Kiingereza hicho pia. Lakini ujuzi mpya hujengwa juu ya ule wa zamani, na ule wa zamani umehifadhiwa katika lugha ambayo mafundi huelekezana wakiwa mbele ya mtambo.

Jambo hili halihitaji miujiza. Kabla ya kununua mfumo, kampuni iwaite wafanyakazi wachache wa viwandani waujaribu kwa Kiswahili, na pale wanapokwama parekebishwe. Mafunzo yatolewe saa za kazi, na mafundi wakongwe wawe miongoni mwa wakufunzi. Tathmini ianze kwa mazungumzo kati ya mfanyakazi na msimamizi wake, ndipo ijazwe kwenye fomu. Fedha za mafunzo nazo zipo. Kila mwajiri hutakiwa kutoa ada ya Sh50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani. Kampuni yenye wafanyakazi 2,000 hutoa Sh1.2 milioni kwa mwaka, na huweza kurudishiwa sehemu ya gharama ya mafunzo yaliyoidhinishwa. Yafaa mwajiri aitumie fursa hiyo.

Walimu hawahitaji kuhadithiwa haya. Tangu Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilipoanzisha tathmini ya utendakazi kwa walimu wote mwaka 2016, wamejionea kwamba fomu kujazwa vyema si sawa na somo kufundishwa vyema. Nao wanafunzi wa Kiswahili, ambao kila mara huulizwa watafanya kazi gani na shahada hiyo, wana jibu hapa. Kila mfumo unaoingia nchini kwa lugha ya kigeni unamhitaji mtafsiri anayejua istilahi na anayejua pia kazi yenyewe inavyofanywa. Na waende viwandani wakasikilize jinsi watu wanavyozungumza kabla ya kufungua kamusi.

Yule fundi bado yuko kazini, na bado huitambua mashine kwa sauti yake. Waajiri nao na wajifunze kuitambua sauti ya fundi, kabla hajanyamaza.