Ushauri wa Wananchi Usiwe Pambo

Msitu wa Karura, uliomo ndani ya jiji la Nairobi, haukuokolewa na majalada ya ofisini. Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walipigwa na walinzi walipokwenda kupanda miti katika ardhi iliyokwisha kugawiwa wajenzi. Msitu ulisalimika, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ikawapa wananchi nafasi ya kushiriki katika uhifadhi.

Funzo ni dhahiri. Mtumishi wa serikali huhamishwa. Mkazi hubaki, naye ndiye auonaye mti wa kwanza ukianguka. Kwa hiyo kila jiji lahitaji kamati ya wananchi ya kulishauri. Lakini kamati iitwayo kubariki uamuzi uliokwisha kupitishwa ni pambo tu. Hapana budi isikilizwe mapema, na anayeukataa ushauri wake atoe sababu hadharani.