Mkulima wa Viazi Alipewa Mbolea, wa Maua Akapewa Soko

Tarehe 23 Mei 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango wa kuchangamsha uchumi uliogharimu shilingi bilioni 53.7. Ndani yake mlikuwa na mafungu mawili ya kilimo. Shilingi bilioni 3 zilikuwa za pembejeo kupitia vocha za kielektroniki, zikiwalenga wakulima wadogo 200,000. Shilingi bilioni 1.5 zilikuwa za kuwawezesha wazalishaji wa maua na mazao ya bustani kuyafikia masoko ya ng'ambo.

Kwa kutazama juu juu, mdogo alipendelewa. Lakini gawanya bilioni 3 kwa watu 200,000: kila mmoja anapata shilingi 15,000, na wenzake wasiohesabika hawapati kitu.

Hata hivyo, kiasi cha fedha si kiini cha lawama yangu. Kiini ni aina ya dawa iliyotolewa. Janga la korona halikumnyang'anya mkulima wa Nyandarua mbegu wala mbolea, lilimnyang'anya mnunuzi. Shule, ambazo ni walaji wakubwa wa viazi, kabeji na maharagwe, zilifungwa Machi 2020. Hoteli zikafunga milango. Masoko ya wazi yakafungwa katika kaunti kadhaa, na kafyu ikabana saa za kusafirisha na kuuza mazao. Mtu ambaye viazi vyake vinaozea ghalani akaambiwa: twaa mbolea, ukapande vingine!

Mkulima wa maua naye alipoteza soko, na serikali ikamwelewa upesi. Fungu lake lilitajwa waziwazi kuwa la kumrudisha sokoni. Je, kwa nini mmoja alitibiwa donda lake, na mwingine akatibiwa donda asilokuwa nalo?

Nitajibiwa kwamba maua huleta fedha za kigeni na kuajiri maelfu ya vibarua, hasa wanawake. Ni kweli, na sipingi mashamba hayo kusaidiwa. Nitaambiwa pia kwamba miongoni mwa wakuzaji wa mboga za kuuza nje wamo wadogo. Hilo nalo ni kweli. Lakini hoja zote mbili zinadai masharti: anayepokea fedha za umma kwa jina la vibarua awajibike kwa ajira zao, na fungu la mdogo lijulikane kabla halijamezwa na la mkubwa.

Kilichowezekana hakikuwa kigumu. Serikali ingenunua viazi, maziwa na maharagwe kutoka kwa wakulima na kuzipelekea familia zilizopoteza vibarua mijini. Shilingi ileile ingemlisha mwenye njaa na kumlipa mkulima.

Katiba ya 2010 imegatua huduma za kilimo cha mazao na mifugo kwa kaunti, na Kifungu cha 201 kinadai uwazi na ushirikishwaji wa wananchi katika fedha za umma. Kwa hiyo maafisa wanaosoma haya wasingoje janga jingine. Kila kaunti iwe na utaratibu wa kununua mazao wakati wa dharura, uliojadiliwa na wakulima wenyewe, na majumla ya malipo kwa kila wadi yabandikwe hadharani. Nanyi wanafunzi na wanaharakati, Kifungu cha 35 kinawapa haki ya kudai taarifa hizo. Andikeni barua.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Serikali isiyouliza dhiki ni ipi haiwezi kufaa.