Kizazi kimeshatolewa, damu inatoka wapi?

Tuseme ni mama wa Kigoma. Amefanyiwa upasuaji wa saratani ya mlango wa kizazi Dar es Salaam, akapigwa mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, kisha akapanda basi kurudi kwao, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Miezi mitatu baadaye anaamka alfajiri na kukuta doa jekundu kwenye khanga. Kizazi hakipo, kwa hiyo haiwezi kuwa hedhi. Anaifua khanga kabla wengine hawajaamka, na siku nzima hasemi neno.

Lawama ya ukimya huo si ya mama peke yake.

Mjamzito wa Tanzania hufundishwa dalili za hatari kliniki: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, kuona maruweruwe, kuvimba uso na mikono. Aliyetolewa kizazi kwa saratani anastahili somo la namna hiyo. Mara nyingi, hata hivyo, anatoka wodini na tarehe ya kliniki, dawa za maumivu na agizo la kutobeba vitu vizito, basi.

Damu hiyo ina sababu nyingi, na baadhi ni ndogo. Kizazi kikitolewa pamoja na mlango wake, sehemu ya juu ya uke hushonwa. Damu kidogo au majimaji ya kahawia huweza kutoka kwa wiki kadhaa, nyuzi zikiyeyuka na kidonda kikifunga. Wakati mwingine pale kwenye mshono huota kinyama chekundu, laini, kinachovuja kikiguswa. Daktari huweza kukichoma kwa dawa hapohapo kliniki. Mionzi nayo hukausha ukuta wa uke na kuacha vijishipa dhaifu vinavyoweza kupasuka miezi, hata miaka, baada ya matibabu. Kwa anayewekewa dripu za kemo, chembe sahani zinazosaidia damu kuganda huweza kushuka. Huyo huenda akaona pia fizi au pua zikitoka damu.

Zipo na sababu nzito: maambukizi, mshono kuachia, saratani kurudi. Kwa macho ya nyumbani damu zote ni nyekundu. Ndiyo maana mizizi ya kuingiza ukeni na maji ya dawa ya kujisafishia ni hatari mara mbili: huchokonoa kidonda, na hula siku ambazo daktari angezitumia. Aspirini na diklofenaki za dukani nazo zinaweza kuzidisha damu.

Kinachotakiwa ni karatasi moja ya Kiswahili, apewe kila mgonjwa kabla ya kuruhusiwa. Iseme kwamba doa, hata dogo, ni la kuripotiwa bila kungoja tarehe ya kliniki. Iseme kwamba pedi ikiloa ndani ya saa moja, yakitoka mabonge, au kukiwa na kizunguzungu, homa au uchafu unaonuka, ni hospitali ya karibu, hata kama ni usiku wa manane. Imwelekeze kuhesabu pedi na kuangalia kama damu inakuja na haja ndogo au kubwa, maana mionzi hugusa pia kibofu na utumbo. Mgongoni iandikwe aina ya upasuaji, mionzi, kemo na dawa zozote za kuzuia damu kuganda, ili daktari wa zamu asianze kubahatisha. Na iwe na namba ya simu inayopokelewa.

Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Tangu 2018 wasichana wanachanjwa nchi nzima dhidi ya HPV, kirusi kinachoisababisha, na ni jambo jema. Mama zao walio katikati ya matibabu hawahitaji mashine mpya ili wapate karatasi na simu.

Siku atakapokuwa navyo, mama wa Kigoma atapiga, na sista atamuuliza, "Mama, umebadilisha pedi ngapi tangu jana?"

"Moja, na haijajaa."

"Pole mama. Kesho asubuhi nenda hospitali ya mkoa na karatasi yako, wakupime. Ikianza kujaa moja kwa saa, usingoje kesho."