Mkwaju niliouangusha Rwamgasa

Kwa miaka sita niliuza matimba kwenye machimbo ya dhahabu ya Rwamgasa. Asiyeujua mgodi aelewe: matimba ni magogo yanayopangwa kushikilia kuta za duara, yaani shimo la kuchimbia, kuanzia mdomoni kwenda chini, udongo usije ukamfukia mchimbaji. Ardhi ikiwa laini, duara moja hula miti mingi, na magogo yakioza yanawekwa mengine. Mwanzoni tulikata porini. Pori liliposogea mbali, tukaanza kununua miti ya majumbani: mijohoro, miarobaini, mwisho mkwaju wa njia panda.

Mkwaju ule haunitoki moyoni. Chini yake akina mama waliuza uji, bodaboda walisubiri abiria, na kikao cha kitongoji kilifanyika hapo. Mwenye kiwanja aliniuzia asubuhi, jioni ukawa magogo. Hakuna aliyeniuliza kibali. Leo pale linanguruma karasha la kusaga mawe ya dhahabu, na vumbi lake linaingia moja kwa moja kwenye sufuria ya uji.

Sheria tunazo. Sheria ya Misitu ya 2002 inalinda hifadhi, na watu wa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) hukagua mzigo wa mbao na mkaa barabarani. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka mtoni au ziwani. Kanuni za madini za 2010 zinamtaka hata mchimbaji mdogo mwenye leseni awe na mpango wa kutunza mazingira. Lakini mti uliosimama katikati ya nyumba, katika kitongoji kinachofurika watu kila dhahabu inapotoka, nani anauulizia?

Tuuulizie sisi. Halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, mkutano mkuu ukaijadili, halmashauri ya wilaya ikaidhinisha. Wasukuma hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Wazee wetu walifunga ngitili, malisho ya kiangazi, na hakuna aliyeingiza ng'ombe wala shoka kabla ya wakati. Shinyanga ilikuwa imefyekwa, kwa sababu ya mbung'o na kwa ajili ya pamba, hadi mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986 ukakuta ngitili za hekta kama 600 tu. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Kanuni za ngitili zilitoka kwenye dagashida, baraza letu la jadi, walinzi wa sungusungu wakazisimamia, na mkosaji alilipa faini mbele ya majirani zake. Hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya kanuni hizo.

Simwambii mchimbaji apunguze matimba. Duara lisilo na matimba ni kaburi, na nimesaidia kufukua watu. Ninachotaka ni kwamba kila mwenye duara aoneshe shamba lake la miti kabla ya kuchimba. Mikaratusi hukua upesi, ila ipandwe mbali na visima. Na miti ya njia panda, ya shuleni, ya zahanati na ya kisimani iorodheshwe mmoja mmoja, isikatwe bila kikao cha kitongoji kukubali, hata kama kiwanja kina mwenyewe.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Mwenyekiti, ajenda hii iandikwe katika mkutano ujao. Nimeshaotesha miche 40 ya mikwaju nyumbani kwangu; naomba nioneshwe pa kuipanda, na sheria ya kuilinda.